Beta na wenzake hawaelewani: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Samaki mmoja akikutwa amekufa kwenye tangi lenye beta, yule samaki mdogo wa mapambo mwenye rangi kali na mapezi marefu, hukumu hutoka palepale: beta kaua. Mara nyingi siyo yeye. Beta dume ni mkali kweli, maana huko Thailand alizalishwa vizazi na vizazi kwa ajili ya kupiganishwa, lakini ukali wake una mipaka. Humlenga anayefanana naye, anayeingia kwenye himaya yake, au anayemchokoza. Nje ya hapo, matatizo mengi ninayoulizwa hapa Arusha na kule Moshi yanatokana na maji, baridi au kubanana. Ukimtoa beta bila kujua chanzo, waliobaki wataendelea kufa.

Kwa hiyo anza na maswali mawili. Nani ameumia: beta, wenzake, au wote? Na dalili ilianza lini: saa chache baada ya kuingiza samaki mpya, baada ya umeme kukatika, baada ya kubadilisha maji, au polepole kwa wiki kadhaa? Jeraha la ugomvi huonekana ghafla na kwa samaki mmoja mmoja. Tatizo la maji huwagusa wengi kwa pamoja. Kama huna jibu, kaa mbele ya tangi robo saa bila kugusa kitu, kisha rudi usiku na tochi ya simu uiwashe kwa mbali. Wapo samaki wanaotulia mchana na kusumbuana gizani.

Beta anatanua mashavu na kufukuza wenzake

Kutanua mashavu mara mojamoja ni kawaida ya beta. Tatizo ni pale anapofanya hivyo kutwa nzima, anaacha chakula na kumfuata mwenzake kila kona.

Angalia kwanza sura ya huyo anayefukuzwa. Gapi dume mwenye mkia mpana wa rangi kali, machoni pa beta, ni beta mwingine mdogo. Watazame wakati wa kula. Beta anapanda, anameza punje moja, gapi anapita kando mkia umetandazwa. Beta anasimama, mwili unajikunja kidogo, anatulia hivyo kwa nukta chache, halafu anarusha mdomo mara moja. Gapi anakimbia, kipande cha mkia kinabaki kikielea. Hakuna mafunzo yatakayomwachisha beta tabia hiyo. Ukitaka gapi lazima, chukua majike, ambao rangi zao zimefifia na mikia yao ni mifupi, na hata hapo uwe na nafasi ya kutosha.

Gurami naye ni wa ukoo mmoja na beta, anapumua hewa kama yeye na anagombea eneo lilelile la juu. Usiwaweke pamoja. Beta dume wawili ndani ya tangi moja ni mauti ya mmoja wao, au wote. Dume na jike hukutanishwa kwa ajili ya kuzaliana tu, tena kwa uangalizi, kisha jike anatolewa. Kuhusu majike watupu, wapo wanaowafuga kwa kundi, lakini kundi hilo linaweza kutulia miezi mingi na kuvunjika kwa usiku mmoja. Kwa anayeanza, simshauri.

Kama wenzake hawafanani naye kabisa na bado anawafukuza, pima nafasi. Kipimo rahisi ni ndoo yetu ya lita 20. Beta peke yake anahitaji angalau ndoo moja. Akiwa na wenzake, lenga ndoo tatu, yaani lita 60 hivi, na urefu wa tangi una maana kuliko kimo chake, kwa sababu anayefukuzwa anakimbia kwa ubavu. Tangi la kioo tupu lenye mawe matatu halina pa kujificha hata likiwa kubwa. Weka mimea mingi, vipande vya magogo, chungu kilichovunjika kingo zikasuguliwa, ili anayekimbia apotee machoni baada ya kupiga mapezi mara mbili tatu. Beta husahau asichokiona.

Kagua pia uso wa maji. Ukikuta kundi la povu dogodogo limeganda kwenye kona, beta amejenga kiota. Analinda kona hiyo kwa nguvu zote na anayepita chini yake anapigwa. Kiota siyo dalili ya ugonjwa na hakuna haja ya kukivunja, ila usiweke chakula cha wenzake upande huo. Na kama anatanua mashavu akiwa ameelekea kioo kitupu, anapigana na sura yake mwenyewe: taa ya tangi inawaka, chumba kina giza, kioo kimegeuka kuwa cha kujitazamia. Washa taa ya chumba au bandika karatasi nyeusi kwa nyuma.

Ukishapata chanzo, mtoe beta kwenye chombo kingine kwa siku mbili tatu, panga upya mawe na mimea, halafu mrudishe wa mwisho. Akiingia anakuta wenyeji na ramani mpya, himaya ya zamani haipo. Hii ndiyo sababu hata unapoanza upya, beta huingizwa mwisho.

Mapezi ya beta yamechanika

Hapa watu huchanganya mambo manne, na kila moja lina dawa yake.

Vipande vilivyokatika ghafla, kingo safi, leo ana mkia mzima kesho ana mapengo: kuna anayemng'ata. Mtuhumiwa wa kwanza ni barbi wenye milia, samaki wazuri sana wenye tabia ya kudonoa mapezi marefu, hasa wakiwa wachache. Tetra wa aina kadhaa hufanya hivyohivyo wakiwa wawili au watatu. Samaki hawa ni wa kundi. Wakiwa sita na kuendelea hushughulikiana wenyewe kwa wenyewe, wakiwa wawili humshughulikia beta. Tetra waongeze idadi kama tangi linaruhusu. Barbi wenye milia waondoe tu.

Kingo zikiwa nyeusi, za kahawia au zenye utando mweupe, na pezi linapungua kidogokidogo kila siku, huo ni uozo wa mapezi unaoletwa na bakteria, na huanzia kwenye maji machafu. Usikimbilie dawa. Badilisha robo ya maji kila siku kwa wiki moja, maji yenye joto sawa na ya tangini, na utaona ncha mpya nyembamba zenye uwazi zikianza kuota. Ikiwa uozo unasogea mpaka karibu na mwili, hapo ndipo dawa inapohitajika.

Mpasuko mmoja ulionyooka bila kipande kupotea hutokana na kukwama kwenye kitu. Mimea ya plastiki na mapambo yenye ncha ndiyo yenye lawama. Chukua soksi nyepesi ya kike, ile inayopenya mwanga, ipitishe juu ya kila pambo. Ikinasa, pezi la beta nalo litanasa.

Na wapo beta wenye mikia mikubwa mno wanaojing'ata wenyewe, hata wakiwa peke yao. Ukimhamisha peke yake na mapengo yakaendelea kuongezeka, umepata jibu, na wenzake hawana hatia.

Wenzake wanatweta juu ya maji, beta ametulia

Dalili hii ndiyo inayopotosha kuliko zote, na hapa kwetu ina uzito wa pekee.

Beta ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji moja kwa moja. Kwa asili anaishi kwenye maji ya kina kifupi, madimbwi na mashamba ya mpunga, maji ya vuguvugu yasiyo na oksijeni nyingi. Tetra, rasbora na gapi hawana kiungo hicho. Maji yakikosa oksijeni, wao watapanda juu na kutweta huku beta akizunguka kwa raha zake. Mwenye tangi anamwangalia beta, anaona mzima, anasema maji ni mazuri. Usimtumie beta kama kipimo cha maji. Kipimo ni wenzake.

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam, na oksijeni inayoyeyuka kwenye maji yenye joto lilelile hupungua kwa kiasi hichohicho. Idadi ya samaki inayotulia kwenye tangi la lita 60 pwani inaweza kulemea tangi lilelile likiwa Njiro au Sakina, hapa Arusha. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo nafuu ipo kidogo, lakini joto la Januari na Februari linakula nafuu hiyo, kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo.

Kama wanatweta alfajiri tu na kutulia mchana, oksijeni imeisha usiku: mimea nayo huitumia gizani. Pampu ndogo ya hewa yenye filta ya sponji inamaliza tatizo. Irekebishe itoe mapovu polepole, kwani beta mwenye mapezi marefu hawezi kushindana na mkondo.

Kama wanatweta mchana na usiku na matamvua yamekuwa mekundu kupita kawaida, fikiria amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita ndipo bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wazaliane vya kutosha. Ukijaza samaki wote siku moja, unawaweka kwenye sumu yao wenyewe. Maji kuonekana maangavu siyo ushahidi kwamba ni salama, amonia haina rangi. Na sisi wa huku tuna jambo la ziada: maji mengi ya visima kuzunguka Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano, na ndiyo sababu yana floraidi nyingi na huelekea kuwa na alkali. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. pH ikifika 8, sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 5 hivi. Uchafu uleule kwenye maji ya kisima chenye alkali unaua haraka zaidi. Badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo, rudia kesho, punguza chakula kwa nusu. Beta naye anaungua matamvua kwa amonia, ila huchelewa kuonyesha.

Kama kutweta kumeanza baada tu ya kuweka maji ya bomba, ni klorini. Maji yakae kwenye ndoo iliyo wazi saa 24 au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Kama kumeanza baada ya umeme kukatika, usiwalishe, koroga uso wa maji kwa kikombe mara kwa mara, na ukiweza nunua pampu ya hewa ya betri. Filta ya kufungwa iliyosimama saa nyingi, mwaga kwanza maji yaliyomo kabla hujaiwasha, kwa sababu bakteria waliokufa ndani yake watarudishwa tangini. Sponji isafishwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe. Ukiiosha bombani unaua bakteria wale wale uliowasubiri wiki sita.

Angalizo moja: koridorasi, yule samaki mdogo wa chini mwenye sharubu, hupanda juu mara mojamoja, akameza hewa na kushuka kwa kasi. Ni kawaida yake. Akipanda kila dakika, hapo ni shida.

Asubuhi wote wamezubaa chini

Juni hadi Agosti, Arusha. Huhitaji kutafuta mbali. Beta anataka nyuzi 24 hadi 28, na chumba kisicho na joto usiku wa Julai kinashusha maji chini ya nyuzi 20. Samaki wa kitropiki aliyepoa hali, hakimbii, na kinga yake inashuka, ndipo magonjwa yanapoingia. Nunua hita yenye kujizima yenyewe na kipimajoto, uviweke pande tofauti za tangi. Umeme ukikatika usiku, funika tangi kwa blanketi ukiacha nafasi ya hewa juu.

Hii pia ndiyo sababu goldfishi hafai kuwa mwenza wa beta. Yeye anastawi kwenye maji yaliyopoa, beta kwenye vuguvugu. Mmoja wao ataishi vibaya siku zote, mbali na kwamba goldfishi hukua mkubwa na kuchafua maji mno.

Uduvi na konokono wanapotea

Beta anakula wadudu na viumbe vidogo. Uduvi mdogo ni chakula. Ukiwaweka, weka kwenye tangi lenye majani manene tangu mwanzo na ukubali kwamba wadogo wataliwa. Baadhi ya beta hawaachi hata mmoja. Konokono wakubwa wana nafuu, ingawa wengine hung'atwa pembe zile ndefu, beta akidhani ni minyoo. Na kama umetia dawa yenye shaba, usimlaumu samaki: shaba inaua uduvi na konokono.

Tafadhali sana, usiokote konokono kwenye mfongo (mfereji wa asili wa umwagiliaji), mtoni au kwenye mifereji ya mpunga ya chini ya Moshi ukawatia tangini. Baadhi ya konokono wa maji yetu hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hutoka na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyetia mkono majini. Watoto ndio wanaopenda kuchezea tangi. Vilevile usimwage konokono wa dukani mferejini. Kule Mwea, Kenya, aina mojawapo ya konokono wakubwa wa namna hiyo iligunduliwa mwaka 2020 ikiharibu mpunga. Hatuhitaji wafike huku.

Beta amekonda, au amevimba

Amekonda huku chakula kinaisha: wenzake wana kasi kuliko yeye. Mlishe upande mmoja, nao upande wa pili kwa wakati huohuo. Amevimba tumbo baada ya kula punje za wenzake zinazozama: mfungishe siku moja au mbili, kisha mpe kidogo. Amevimba na magamba yamesimama kutoka mwilini: huo ni ugonjwa wa ndani, mtenge mara moja. Kupona ni kwa nadra.

Tuliongeza mpya, wiki hiyohiyo wote wakaugua

Vidoto vyeupe vidogo kama chembe za chumvi mwilini, wanajikwaruza kwenye mawe: ni kimelea, na kimeingia na mgeni. Kila samaki mpya akae chombo cha peke yake wiki mbili hadi nne kabla ya kuchanganywa. Beseni safi lenye filta ndogo ya sponji linatosha. Kwa kutibu, pandisha joto taratibu na tumia dawa ya kimelea kwa tangi zima, siyo kwa mgonjwa tu, maana kimelea kimeshazagaa majini. Ukiwa na koridorasi, usimimine chumvi kwa wingi, hawaivumilii vizuri.

Basi nimweke na nani?

Mama mmoja wa Pasua, Moshi, aliniuliza, "Mwanangu, si nichukue tu vifaranga vya perege kwa jirani mwenye bwawa? Ni bure." Nikamwambia, "Shikamoo mama, perege mwache bwawani." Perege hukua kwa haraka, huchimba chini, hung'oa mimea na hulinda eneo kwa ukali. Kifaranga cha kambale ni kibaya zaidi: akishakua kidogo tu beta anaenea mdomoni mwake. Na samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, fahari yetu kweli, wanahitaji maji magumu yenye alkali nyingi na ni wakorofi kuliko beta. Wape tangi lao.

Wanaofaa ni wadogo, watulivu, wenye rangi za kiasi, wanaokaa katikati au chini, wanaotaka joto lile analotaka beta. Koridorasi sita kwenye mchanga laini ndio chaguo langu la kwanza, kwa kuwa wanakaa chini na hawamjali mtu. Rasbora wenye pembetatu nyeusi ubavuni, sita hadi nane, wanakaa katikati kwa kundi. Lochi wa kuhli hujificha mchana kutwa, beta hata hawajui kama wapo. Otosinklasi hula mwani, ila usiwalete kabla tangi halijakomaa, watakufa njaa. Pleko wa kawaida anauzwa akiwa na urefu wa kidole, na hukua kupita sentimita 30, kwa hiyo mwache. Chagua kundi moja la katikati na moja la chini, basi. Usiingize wote siku moja: leta kundi la kwanza, subiri wiki mbili, leta la pili, halafu beta.

Umefanya yote na bado anashambulia

Wapo beta wasiokubali mwenza yeyote. Utamjua: hafanani na wenzake, nafasi ipo, maji safi, joto sawa, umempanga upya mara mbili, na bado ndani ya siku moja kuna aliyejeruhiwa. Usimjaribishe kwa samaki wa tatu na wa nne. Mpe tangi lake la lita 20 na wenzake wabaki na lao, au kama tangi ni moja, ligawe kwa plastiki ngumu yenye matundu madogo ili maji na joto vipite pande zote. Plastiki isiwe ya kuonyesha upande wa pili, la sivyo atakesha akitanua mashavu. Ipande sentimita tano hivi juu ya maji na tangi liwe na mfuniko unaoacha hewa juu ya maji, kwa sababu beta huruka.